Babu yangu, mtoro mwenye jina la mtu mwingine

Babu yangu hakuwahi kuhesabu ng'ombe kwa sauti. Jioni wakirudi malishoni alisimama kando ya lango la zizi, fimbo mkononi, akawaangalia wakipita mmoja mmoja mpaka wa mwisho, kisha akaziba lango kwa miba. Ukimuuliza kama wametimia, alijibu, "Wapo." Ukimuuliza wako wangapi, alijibu vilevile, "Wapo." Baba alituambia hiyo ni mila, mali haihesabiwi mbele za watu, nasi watoto tukaichukua hivyo. Nilishavuka miaka hamsini ndipo nikaambiwa sababu yenyewe: mtu akihesabu haraka, bila kufikiri, huhesabu kwa lugha aliyonyonya. Na lugha aliyonyonya babu haikuwa Kigogo.

Aliyeniambia ni baba mdogo, kitinda mimba wa babu, mwaka 2019. Tulikuwa msibani, usiku umeenda, wengine wamelala kwenye majamvi, moto umebaki makaa. Akanisogelea akasema, "Mwanangu, kuna kitu nimekaa nacho miaka arobaini na moja. Na mimi sasa siku zangu zinahesabika." Akaanza kusema, na hakunyamaza mpaka majogoo.

Tangu hapo nimerudi kwake mara nyingi. Nimemuuliza, nikamuuliza tena, na pale aliposema "bwana mmoja" au "mto mmoja" nimejaribu kutafuta ni bwana yupi na mto upi. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika, alinipa kwa sharti moja: majina yasitajwe, wala kijiji. Kwa hiyo hapa babu atakuwa babu tu. Kijiji kiko upande wa Bahi, na ukipanda juu ya paa la tembe unaiona reli. Hiyo inatosha.

Babu yangu alikuwa mtoro. Alitoroka majeshi mawili katika vita moja, Vita Kuu ya Kwanza, na jina alilozikwa nalo, ambalo ndilo jina la mwisho kwenye kitambulisho changu, ni la kijana ambaye hakuna yeyote kati yetu aliyewahi kumwona.

Sisi tulimjua kama Mgogo wa Wagogo. Alikuwa na alama ya duara kwenye paji la uso. Ndewe za masikio yake zilikuwa zimetobolewa na kutanuliwa. Meno mawili ya mbele ya chini hayakuwapo, kama wazee wenzake wote, na akicheka ulimi ulichungulia pale penye pengo. Alikula ugali wa uwele na mlenda, na mgeni akibisha hodi alimpokea kwa "Mbukwenyi" ndefu iliyoanzia tumboni. Hakuna hata mmoja wetu aliyemtilia shaka.

Kitu kimoja tu kilikuwa cha peke yake, nacho kilikaa ndani ya kikopo cha ugoro. Ninacho mezani sasa hivi ninapoandika. Ni sarafu ya shaba, upana wake unakaribia sentimita tatu, imelika pembeni. Ina taji, ina herufi D.O.A., yaani Deutsch-Ostafrika, Afrika Mashariki ya Wajerumani, ina mwaka 1916. Upande wa pili ina namba 20 na neno HELLER, na herufi moja ndogo: T. Ukiisogeza puani bado inanuka ugoro, kwa kuwa unga ule umekaa kwenye mikwaruzo ya taji na hautoki hata ukiisugua. T ni Tabora. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezingirwa, meli za Uingereza zimewafungia bahari, hela haziji kutoka kwao, ndipo wakaanza kujifulia wenyewe sarafu huko Tabora kwa shaba chakavu waliyoweza kuipata. Kazi hiyo haikudumu. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo Wabelgiji waliingia Tabora.

Utotoni tuliamini babu aliiokota. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia hivyo.

Novemba 1978, vita na Idi Amin wa Uganda ilipoanza, redio ilimleta Mwalimu Nyerere hadi uani kwetu: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Baba mdogo alikuwa na miaka ishirini na minne, alikuwa mgambo, na kabla betri hazijachoka alikuwa ameshaamua kwenda. Nyumba nzima ilimsifu. Babu hakusema neno.

Usiku wa kuamkia safari alimwita nyuma ya zizi. Kulikuwa na mbalamwezi. Baba mdogo anasema mzee, ambaye miaka hiyo alitembea ameinama kama anatafuta kitu chini, alijinyoosha. Akabana visigino. Akaiweka fimbo ya kuchungia begani, akaishusha, akaileta mbele ya kifua, imenyooka wima. Kila mara kabla ya kuisogeza alitoa neno moja la ukali kwa lugha ambayo baba mdogo hakuielewa. Alifanya hivyo mpaka pumzi zikamwisha, akakaa juu ya jiwe. Akasema, "Hicho ni Kijerumani. Kaa chini."

Alizaliwa Unyamwezi, mwendo wa siku moja na nusu kusini mwa Tabora. Baba yake na babu yake walikuwa wapagazi, kama Wanyamwezi wengi wa zamani hizo, watu wa kwenda pwani na kurudi. Lakini reli ilifika Tabora mwaka 1912, na behewa moja likabeba kilichobebwa na msafara mzima wa watu. Kijana wa miaka kumi na minane aliyekulia kwenye hadithi za misafara akajikuta hana msafara. Vita ilipoanza 1914 Wajerumani walihitaji askari, na mshahara wa askari ulizidi mbali wa kibarua. Akaandikisha jina lake, lile la kuzaliwa. Akapewa kofia, kaptula na bunduki ya zamani ya risasi moja moja, ile ya mwaka 1871 iliyotoa wingu la moshi kila ilipolia, hata adui akajua umesimama wapi. Akatahiriwa, akasilimu kama askari wengi walivyofanya. Alimwambia baba mdogo kwamba mwaka ule wa kwanza alikuwa na furaha, na kwamba hataki kumdanganya.

Kuhusu mapigano alisema machache na sitayaongezea. Alichokisema kwa kirefu ni posho.

Mkuu wa jeshi la Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, hakuwa na nguvu ya kuwashinda Waingereza. Alitaka tu kuwachelewesha, awashughulishe huku Afrika ili wasipeleke majeshi hayo Ulaya. Jeshi la namna hiyo linatembea, na linapotembea linakula kilichoko njiani. Ugogo ilikuwa katikati ya njia: reli inapita, ng'ombe wapo, nafaka iko ghalani. Aprili 1916 Jenerali van Deventer aliingia Kondoa na wapanda farasi wake kutoka Afrika Kusini. Mei Wajerumani walijaribu kumng'oa wakashindwa. Tarehe 29 Julai Dodoma ikaanguka. Katika miezi ile, kabla Mwingereza hajafika, babu na wenzake walikuwa wanapita matembe ya Ugogo kukusanya posho. Hilo ndilo jina waliloipa kazi hiyo.

Walikwenda kabla ya alfajiri, kwa sababu kukishakucha ng'ombe wanakuwa wamepelekwa porini. Waliizunguka tembe, mmoja akapanda juu ya paa. Waliobaki walifungua zizi na kutoboa vihenge. Mtama ulimwagwa kwenye magunia, uliomwagika chini ukaachwa. Mwenye mali alipewa karatasi za rupia, zile zilizochapwa wakati wa vita. Babu alisimulia juu ya mama mmoja aliyepokea karatasi yake, akaitazama huku na huku, akaiweka chini, akaweka jiwe juu yake isipeperuke. Hakulia, hakulaani. Akaingia ndani. Walipokwenda mbali kidogo babu aligeuka nyuma, akaliona lile jiwe bado liko palepale na karatasi imetokeza pembeni.

"Nilichukua ng'ombe wa watu," alimwambia mwanawe. "Usiniulize wangapi."

Wajerumani walirudi nyuma kuelekea kusini, naye akaenda nao. Februari 1917 "bwana mmoja" alijitenga na jeshi kuu akageukia kaskazini na askari kama mia tano. Kwa hesabu ya miezi na njia waliyopita, naamini ni Kapteni Max Wintgens. Babu alimfuata kwa sababu moja tu: bwana yule alikuwa anaelekea Tabora, na askari wa huko walitaka kwenda kwao. Mei, Wintgens aliugua homa ya chawa akajisalimisha kwa Wabelgiji. Msaidizi wake, Heinrich Naumann, aliwachukua waliobaki akazunguka nao Mkalama, Ikoma na kurudi upande wa Kondoa, mpaka alipojisalimisha tarehe 2 Oktoba 1917. Babu hakuwa miongoni mwao tena. Walipokaribia nyumbani aliomba zamu ya usiku. Bunduki aliisukuma ndani ya kichuguu, akaziba tundu kwa udongo na mate. Koti alilichoma. Sarafu aliibana kwenye kidole cha mguu, akaifunga na kitambaa kana kwamba ana kidonda.

Nyumbani hakukuta mtu. Watu walikimbia majeshi yaliyotoka Congo mwaka uliotangulia, na waliorudi hawakurudi pale. Boga lilikuwa limetambaa hadi ndani ya nyumba ya mama yake. Alilala humo siku mbili, akala lile boga. Mama yake hakumwona tena, wala hakupata habari zake maisha yake yote.

Siku ya tatu alikamatwa njiani na watu wa Mwingereza waliokuwa wakitafuta wapagazi. Hawakujua ni askari. Waliona mabega. Alifungwa kamba na wenzake hadi Tabora, wakapangwa mstari mbele ya karani. Karani alipouliza jina, babu alitaja lile lililotangulia kutajwa na mtu aliyekuwa mbele yake. Karani hakuinua kichwa. Akaliandika mara mbili.

Hivyo ndivyo alivyopata jina la pili, na jeshi la pili.

Walipakiwa garimoshi hadi Dodoma, wakaanza kubeba mizigo kwenye njia ya Iringa. Wengi wetu tunalitaja jina la Kariakoo kila siku bila kukumbuka kwamba ni Kikosi cha Wapagazi, Carrier Corps, matamshi ya Kiingereza yaliyolainishwa na midomo yetu, mahali palipokuwa kambi yao. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa katika vita ile wanakadiriwa kuzidi 90,000, na wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa kubeba unga wa watu wengine huku wao wana njaa. Babu alisema ulikuwa unajua umepotea njia pale usipoona makaburi. Safari ya tatu, wamevuka Ruaha, aliutua mzigo wake wa mchele taratibu asiupasue, akamwambia msimamizi anakwenda haja. Hakurudi.

Nimekuwa nikijaribu kuifikiria hali ya kijana huyo wa miaka ishirini na moja, anayetembea usiku tu kurudi kaskazini. Mjerumani akimkamata atampiga risasi. Mwingereza akimkamata kama mpagazi, ni viboko na mzigo mwingine. Akimtambua kuwa askari, ni kambi ya mateka, au anavishwa sare nyingine: mwaka huohuo wa 1917 Batalioni ya 6 ya KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika) iliundwa kwa kuwachukua askari waliokuwa wa Mjerumani. Lakini babu alisema hao wote hakuwaogopa kama alivyowaogopa wenye matembe. Hao ndio walioiona sura yake.

Na njia pekee ilipita kwao.

Njaa ile Wagogo wanaiita Mtunya. Wazee wetu wanaeleza neno hilo kama kunyang'anyana, kila mtu anakwapua alipo. Ilianza 1917 ikaendelea hadi 1920. Majeshi mawili yalikuwa yameondoa ng'ombe, nafaka na vijana, na mvua ziliposhindwa hapakuwa na akiba wala mikono. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa katika wilaya ya Dodoma, kati ya watu kama 150,000. Juu ya hapo ukaja ugonjwa wa mafua uliozunguka dunia nzima mwaka 1918. Nimekulia nikisikia neno Mtunya likitajwa kama mwaka wa mvua mbaya. Lilitajwa hivyo mbele ya babu, naye alitikisa kichwa tu kama mzee yeyote. Mvua ilihusika, ndiyo. Lakini mvua haichukui ng'ombe.

Alifika kwenye tembe moja usiku kutafuta cha kuiba. Ndani palikuwa na mama mmoja peke yake, anachemsha kipande cha ngozi ya ng'ombe. Hakupiga kelele. Alimtazama, akamuuliza swali moja: "Unatoka njia ya Iringa?" Akaitikia. Akamuuliza kama amemwona mwanawe, akamtajia jina na ubini, aliyechukuliwa kubeba mizigo. Babu alisema hakumwona. Mama akakata ile ngozi vipande viwili.

Akabaki siku moja kumchotea maji, kwa kuwa kisima kilikuwa mbali. Akabaki siku nyingine kuchimba mizizi. Akabaki kumzika jirani aliyekosa watu wa kumzika. Mwezi ukapita hivyo. Siku watu wa jumbe walipokuja kutafuta wapagazi tena, wakauliza yule kijana ni nani, mama alijibu kutoka ndani, bila hata kutoka nje: "Huyo ni mwanangu. Alikwishachukuliwa, amerudi mgonjwa. Mwacheni." Akamwita kwa lile jina. Babu akaitika.

"Sikujichagulia," alimwambia baba mdogo. "Niliitwa, nikaitika."

Kila mtu pale alimjua mtoto halisi. Walikua naye, walichunga naye. Hakuna aliyefungua mdomo. Nimemuuliza baba mdogo kwa nini, na jibu lake naliona ni la kweli: katika kila tembe kulikuwa na nafasi ya mtu aliyeondoka, na mama mmoja alipoijaza nafasi yake nani angekuwa na moyo wa kuitoboa tena? Na mtu mwenye mikono miwili, miaka ile, alikuwa mali.

Mvua zilipokubali, kaka yake yule mama alikuja na kusema kwamba jina likivaliwa nusu litadondoka. Babu aling'olewa yale meno mawili ya chini akiwa mtu mzima, kwa kichuma chembamba, amekaa chini mgongo umeegemea kisiki. Akatobolewa masikio. Akatiwa alama ya paji. Yote hayo mtoto wa Kigogo huyapata akiwa mdogo, yeye aliyapata akiwa na ndevu. Lililobaki gumu lilikuwa jando. Alikuwa ametahiriwa, lakini Ugogo hawakuulizi tu kama umetahiriwa, wanauliza uliingia na nani. Rika ni udugu, wanajuana mpaka kufa. Ilibidi wanaume walioingia jando na yule kijana aliyepotea wakae, wakubali huyu mgeni awe yeye. Walikaa, pombe ikanywewa, wakakubali. Isipokuwa mmoja. Yeye hakupinga, hakusema kwa mtu, lakini hadi anaingia kaburini hakumsalimu babu kwa salamu ya rika. Babu alimheshimu kuliko wote.

Miaka ya baada ya hapo naipitia haraka, ilikuwa miaka ya kulima. Karatasi yake ya kwanza yenye lile jina ilikuwa stakabadhi ya kodi ya Mwingereza, na alizitunza stakabadhi zote, kila mwaka, zimefungwa kwa kamba ya katani, kana kwamba siku moja atadaiwa uthibitisho. Alioa. Ng'ombe wa mahari walitolewa na wajomba wa lile jina, wachache waliobaki baada ya Mtunya. Baba mdogo anasema mzee alipofika hapo alinyamaza muda mrefu sana. Halafu akasema, "Wakanipa ng'ombe, wale." Basi.

Yule mama alifariki kabla baba yangu hajazaliwa. Walipopanga vitu vyake, babu alikuta kibuyu kimefungwa kwa kitambaa juu ya nguzo ya tembe. Ndani kulikuwa na karatasi za rupia, zimekunjwa ndogo ndogo, zisizo na thamani yoyote. Hakujua kama alikuwa ndiye yule wa jiwe. Matembe gizani yanafanana, na nyuso za watu unaowachukulia mali huzitazami. Karatasi hizo zilikuwa katika tembe nyingi. Lakini aliishi naye miaka zaidi ya kumi, akila chakula chake, akimwita mama, bila kujua kama alifika pale mara ya kwanza au ya pili. Na hakujua kama mama alijua.

Miaka ya 1960 kulivuma habari kwamba serikali ya Ujerumani Magharibi inawalipa askari wa zamani malimbikizo ya mishahara yao. Kuna kisa kinachosimuliwa kuhusu malipo hayo huko Mwanza: wazee walikuja kwa mamia, wenye vyeti wakiwa wachache, basi mlipaji akampa kila mmoja fimbo ya ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha, na hakuna aliyekosea. Baba yangu aliileta habari hiyo nyumbani kama kichekesho cha mjini. Babu alikuwa anasuka kamba. Akauliza, "Wanalipa kwa jina gani?" Baba akajibu, "Kwa jina waliloandikishwa." Babu akaendelea kusuka. Baba aliingia kaburini bila kujua alichojibu siku hiyo.

Huwa namfikiria pamoja na mtu mwingine wa vita ileile. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, akaingia vitani akiwa bado mtoto, akajeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa Oktoba 1917. Mwaka 1929 alikwenda Berlin, akadai mshahara wake na wa baba yake, wakamkatalia. Alibaki huko akijiita Bayume Mohamed Husen, akafundisha Kiswahili, akaigiza katika filamu, na tarehe 24 Novemba 1944 akafia katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen. Huyo alibaki mwaminifu, akadai haki yake mchana kweupe. Mwaminifu na mtoro, vita ileile iliwavua majina yao.

Kwa miaka mingi Wajerumani walijisimulia hadithi ya "askari mwaminifu" aliyewafuata hadi mwisho. Walikuwapo, zaidi ya elfu moja walikuwa na Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Abercorn (leo Mbala, Zambia), tarehe 25 Novemba 1918. Lakini walioondoka usiku walikuwa maelfu. Waingereza nao waliweka sanamu ya askari Dar es Salaam mwaka 1927, na kila nikipita pale namtazama yule kijana wa shaba na bunduki yake iliyoelekezwa mbele. Sina ugomvi naye. Ila neno "mtoro" tunalitamka kama uchafu, na mimi sikubali. Babu alilotenda alfajiri zile za 1916 silitetei, na yeye hakulitetea. Lakini siku alipoisukuma bunduki ndani ya kichuguu, na siku alipoutua ule mchele, hakumsaliti mtu wake yeyote. Vita ile haikuwa na mtu wake hata mmoja, si upande huu wala ule. Waliokuwa wake walikuwa kwenye matembe, na hao alichelewa kuwajua. Hilo ndilo lililonifanya niandike.

Baba mdogo alirudi kutoka vita ya Kagera mwaka 1979, mzima. Kijiji kilimpokea kwa ngoma, akina mama wakapiga muheme. Babu alisubiri mpaka watu walipotawanyika. Hakumuuliza kuhusu Uganda, wala Amin, wala marafiki aliowapoteza. Alimuuliza, "Ulichukua ng'ombe wa watu?"

"Nikamwambia sikuchukua," baba mdogo aliniambia. "Akanishika mkono, akaupima kama anapima uzito wake. Akasema haya, nenda ukale."

Alifariki mwaka uliofuata.

Mwaka 2021 mimi na baba mdogo tulipanda treni hadi Tabora. Tulikuwa na jina la kuzaliwa, jina la kijito, na maneno "siku moja na nusu". Tulizunguka siku nne. Wazee walitupokea vizuri, walilitambua jina kama la kwao, lakini ni jina la watu wengi. Hatukumpata ndugu. Siku ya mwisho baba mdogo aliniomba tuchukue boga moja sokoni, tukarudi nalo Dodoma kwenye mapaja.

Mwaka jana tulimwita fundi kulikarabati kaburi, saruji ilikuwa imepasuka na mchwa wameingia. Fundi ni kijana mwerevu, alikuwa amesikia fununu za habari hii kutoka kwa watoto wetu. Akauliza kwa adabu kama tunataka abadilishe maandishi, aweke jina halisi la mzee. Nilimwangalia baba mdogo. Nilifikiri ndicho alichokuwa anakingoja.

Alikaa kimya, akapapasa herufi za zamani kwa kidole gumba, moja moja.

"Liache," akasema. "Mwenyewe hana kaburi jingine."

Fundi akachovya brashi kwenye rangi nyeusi, akaanza kulipitia lile jina upya.